Daftari la Kukopeshea, Kitangari

Dakta Nandonde aliandika ubaoni maneno mawili,
akapiga mstari katikati
kama mpaka wa shamba la ndugu waliogombana:
huku DHATI, kule PENDWA.
Huku akapanga majina ya wanaosomwa ili mtu afaulu.
Kule hakupanga mtu. Alijipangusa chaki, akasema
ni vitabu vya vichochoroni, vya kupotezea muda:
risasi, busu, risasi, mwisho.

Nilikaa nyuma, kwenye dirisha lisilo na kioo.
Harufu ya mabibo yaliyochacha ilikuwa inaingia ukumbini.
Nikawa nalitazama lile neno. Pendwa.
Wametafuta tusi nchi nzima
wakaishia kuazima kwa wapendanao.

Baba yangu, Chitanda, alilinda ghala la ushirika
misimu kumi na tisa.
Silaha yake rungu, tochi ya betri tatu
na kitabu kisicho na jalada, kisicho na jina,
kilichoanzia ukurasa wa tisa
kikakatikia wa mia na kumi na mbili,
pale mpelelezi anaposhika kitasa na kusema,
"Muuaji yumo humu."
Betri zikilegea alizianika juu ya bati mchana kutwa,
zipate roho ya kurasa tano nyingine.

Wapagazi walisomewa wamekaa juu ya magunia.
Somoe muuza uji aligoma kuondoka, sufuria kichwani,
mpaka ajue kama yule mjane amesema kweli.
Na muuaji? Hawakuwa na shaka:
karani wa mizani.
Kitabuni katajwa mara mbili tu,
anatia sahihi stakabadhi, anafunga mlango.
Lakini Kitangari walimfahamu.
Walishamwona na kidole gumba chini ya sahani,
gunia la kilo themanini likashuka na sabini na nne.
"Anayekuibia kilo sita ukimtazama," alisema Likapa, mpagazi,
"gizani atakuachia nini?"

Neno uhakiki hawakulijua, Dakta.
Mizani waliijua.

Sisemi kila cha kichochoroni ni lulu.
Vingine vimeniacha mikono mitupu:
wanawake wote wana nyonga, hakuna mwenye bibi.
Lakini na huko kwenye DHATI
nimeshasinzia, tena mchana, tena nimelipa ada.

Baba alipofariki tuligawana rungu, tochi, baiskeli.
Daftari halikutakiwa na mtu, nikalichukua.
Safu nne kwa rula: jina, kitabu, tarehe, kimerudi.
Ukurasa wa pili, kwa mwandiko wake wa kuinamia kushoto:
*Nandonde, mtoto wa fundi cherehani, la saba B.
Kile cha karani. Novemba 1989.
Kimerudi. Mwisho haumo.*

Nilikuja nalo mkobani. Nilitaka kumwaibisha, nakiri.
Nilishapanga hata sauti ya kulisomea.
Zamu yangu ya kuuliza ilipofika
nikasimama, na kilichotoka kinywani ni kingine:
"Dakta, nani alimuua mwenye kiwanda?"

Ukumbi ulicheka. Mkuu wa chuo alikohoa.
Yeye hakucheka.
Alinitazama muda mrefu, puani zaidi kuliko machoni.
Naambiwa pua hii ni ya Chitanda.

"Siyo karani," alisema,
kwa sauti isiyo ya daktari wa chochote,
sauti ya kaptura na miguu yenye vumbi jekundu.
"Kila mtu alidhani karani."

Ni nani, basi?

Akaangalia saa. Akakunja karatasi zake.
Akasema muda umetutupa mkono, tukutane mwakani.

Miaka yote ile, juu ya magunia yale.
Niliruka benchi mbili, viatu mkononi,
mkoba unanigonga ubavuni,
na gari lake lilikuwa limeshawashwa.