Kilo Saba

Nilifika uwanjani, na begi la kilo saba,
Halua ya Kibokoni, imezidisha kibaba,
Msichana wa mizani, uso umekosa huba:
“Lipa, mama! Ama chini: ndege haitaibeba.”

Wametangaza nauli, bei ya kuku wa ndowa,
Kumbe kiti ni kwa mali, na mzigo, na kahawa,
Nikachelea maswali, nayo yasije lipiwa,
Nikaketi kwa akili, nikavuta haba hewa.

Kiti cha kando ni Badi, fundi bomba, akacheka:
“Wawatukana zaidi, mie nawapa baraka.
Simu ilipiga hodi, Ruiru, nikashituka,
Mzee amesharudi, kwa Mola aliyetaka.

“Na maiti hasubiri, huko kwetu Kisiwani,
Basi lingenihasiri, ningefika matangani,
Kwa ndege hii fakiri, nilishuka kaburini,
Nikamlaza kwa heri, mie, mwake mwanandani.”

Nyuma akajitokeza, Bi Mwanasiti, kwa hima:
“Wewe walikuwahiza, harusi wakaninyima!
Ujumbe wa kuchukiza: ‘Samahani, tumekwama.’
Mwanangu wakamtuza, bila mkono wa mama.”

Nikafungua halua, tukagawa kwa watatu,
Ile niliyolipia, kuzidi kichwa cha mtu,
Kahawa ikapitia, hakuagiza mwenzetu.
Kurudi nimekatia, kwao tena: sina kitu.