Ndoo za Bi. Clewlow

Ndoo saba alizoniachia Bi. Hilda Clewlow
zilikuwa chini ya benchi, nyuma ya tanuri la umeme,
katika kibanda cha matofali pale Longton,
mji uliokuwa ukila makaa na kutema sahani.
Vifuniko vimeota chumvi ukingoni,
nyeupe, kama midomo ya aliyefunga mchana kutwa.
Kila kimoja kina karatasi, mwandiko wa penseli:
*Kijani cha majivu. Machi 2010.*

Mwanawe, Clive, alisema: mwaga.
Rangi ya vyungu ni kama maziwa, ina siku zake.
Na mimi nani? Mpishi wa hospitali,
niliyejifunza kufinyanga Jumanne jioni
kwa sababu ya baridi tu, na tanuri lina joto.
Nikamwaga.

Si yote. Maji ya juu tu,
maangavu, ungeweza kuyanywa.
Nikayapeleka kwenye mtaro wa uani
nikabaki na mashapo magumu kama sakafu
yaliyovunja mwiko na kupinda kijiko.
Nikatia maji mapya ya bomba, nikachekecha mara tatu,
nikachovya kigae, nikakichoma.
Kikatoka kijivu, kikavu,
kinakwaruza kidole kama ulimi wa paka.

Ndipo nikafungua daftari lake
(hapo ndipo ningeanzia):
*Maji usiyamwage. Majivu huachia chumvi polepole,
na chumvi ndiyo iyeyushayo jiwe.
Umwagapo maji, umemwaga moto.*

Maji yakimwagika hayazoleki, hilo nililijua
tangu sijajua kufunga kamba za viatu.
Kwamba yanaweza kuondoka na moto, sikuambiwa.
Wahenga wetu walikuwa watu wa haraka:
udongo uwahi ungali maji.
Rangi iliyokaa gizani miaka kumi na minne
hawakuiachia methali.

Ndoo ya pili niliifungua nimepiga magoti.
Juu, ukungu. Gundi imeoza,
inanuka mtama uliolowekwa ukasahaulika.
Chini, fuwele, ndogo kama chenga za mchele,
zimeota zenyewe humo kizani,
hakuna aliyezipanda.
Nikazichuja, nikazitwanga kwenye kinu cha kauri,
nikazirudisha zote, hata zile za kwenye kucha.
Bado rangi ilikuwa nyepesi, inateleza kigaeni, haishiki.
Siki, kijiko kimoja.
Nikakoroga. Ikashikana kama uji unaokubali.

Usiku ule nikampigia dada yangu Mwajabu, Muheza.
Nikamuuliza kama bado gari moshi linapita.
Akacheka mpaka simu ikakoroma.
Gari moshi! Hata vikongwe siku hizi wanasema treni.
Wewe maneno yako umeyaweka wapi?
Nikamwambia nilikuwa nachuja rangi, nimechoka,
na nikalala na lile neno mdomoni,
nikiligeuza,
likiwa na makaa yake na masizi yake.

Jumamosi tulifungua tanuri mimi na Clive.
Nyuma ya mlango, kwenye msumari,
kinaning'inia kigae cha mama yake cha mwaka ule:
kijani cha kisamvu, sawasawa, kote.
Changu kilikuwa kimekwenda kwingine.
Ukingoni asali iliyoungua kidogo,
na pale rangi ilipotuama, buluu
ambayo daftari halikuitaja.
Clive akavipeleka vyote viwili dirishani.
Mvua ilikuwa ikinyesha kwa adabu, kama kawaida yake huku.
Akatazama kimoja, akatazama kingine.

Si yake, akasema.

Akakirudisha cha mama yake msumarini.
Changu akakitia mfuko wa koti,
akauliza kama kuna chai.

Nikafuta kifuniko. Chini ya penseli yake
nikaandika kwa kalamu yangu, kwa Kiswahili,
kwa kuwa atakayekuja atauliza:
*Siki, kijiko kimoja. Fuwele zimerudi.
Maji ni yale yale.*
Zimebaki tano sijazifungua.