Upenyo wa Vidole Viwili

Ghorofa ya jirani ilipofika linta
tulipongeza. Ilipovuka linta
tukanyamaza. Ilipotoa roshani
yenye nguzo nne za urembo, ikakodolea uani kwetu,
Mama alikaza khanga yake, akaingia ndani,
na kiti chake cha kamba kikabaki
na jua peke yake.

Daktari alisema: jua la asubuhi, nusu saa,
na hewa. Kovu lisifunikwe kama siri.
Lakini upande wa kushoto wa kifua cha Mama
sasa ni uwanja uliofyekwa,
naye hataki mtu ausome.

"Jenga ukuta," alisema kaka kwa simu kutoka Kahama,
yeye asiyelala Kinyerezi mwezi wa pili.
Ukuta wa futi kumi! Nikauona moyoni:
Mama ndani ya kisima kikavu,
mchicha umerefuka shingo ukitafuta mwanga,
joto limekaa kitako, halina pa kutokea.
Mabati? Mabati ni jiko.
Turubai la bluu tulilijaribu siku mbili.
Upepo ulilijaza, ukalipiga makofi mchana kutwa,
usiku wa pili likahama na misumari yake;
tulilikuta gengeni, limefunika mkaa wa watu.

Ndipo akaja fundi Mtoro, penseli sikioni,
mtu wa maneno machache na bei ndefu.
Hakupima kwanza. Alikaa kwenye kiti cha Mama,
akatazama juu, akafumba jicho moja.
"Jicho huja kwa mstari," akasema.
"Upepo haujui mstari.
Tutalizuia hilo, tuupishe huu."

Akapasua mianzi siku nzima, tak, tak,
akazilaza fito mshazari, zimeinama kwa nje
kama luva za madirisha ya shule,
migongo kwa ghorofa, nyuso kwa Mama,
na kati ya ufito na ufito
vidole viwili. Vyangu, si vyake;
vyake vinene, vingeleta wageni.
Chini aliacha futi nzima wazi:
"Hapa kuku apite, na ubaridi upite na kuku."
Pembeni nilipanda mpasheni,
nikauambia usikimbie, lakini usizembe.

Kisha nikaenda kubisha hodi kwa jirani.
Nifanyeje? Nguo hupimwa na anayevaa,
pazia hupimwa na anayetazama.
Bi Nakiete alinipandisha ngazi zisizo na vigae bado,
miguu peku, simenti ikinuka ubichi,
nikasimama roshanini pake
nikachungulia nyumbani kwangu kama mwizi.

Niliona paa letu; sikujua kutu imefika huko.
Niliona simtanki, kamba ya nguo, ndoo isiyo na mkono.
Pale alipo Mama niliona mianzi,
mianzi tu na kivuli chake,
kisha, mara moja, mkono ukifukuza nzi.
Mkono basi.
Ungeweza kuwa wa mtu mzima yeyote.

"Hajambo mama?" aliuliza Bi Nakiete,
naye kaelekea barabarani.
Hapo nikatambua: tangu tupande
hajatupa jicho upande wetu,
na kiti chake, kile cha plastiki chenye kiraka cha waya,
kilishageuzwa zamani;
vumbi limeota mahali miguu yake ilipokuwa.
Nilitaka kumwomba radhi, sijui ya nini.
Nilisema, "Hajambo. Anakusalimu."
Uongo ule nikaenda kuutimiza: nilipofika tu
nikamwambia Mama amsalimu.
Akapaza sauti kupitia fito. Ikajibiwa.

Leo saa mbili nimempelekea uji.
Khanga iko kiunoni. Jua limemchora mistari
kama daftari jipya,
na upepo unafungua kurasa ovyo.
Sikukaa. Nimeweka kikombe, nikageuka.

Fundi bado anadai elfu thelathini.
"Aje Jumamosi," Mama kasema, macho kafumba,
"na apitie mlango wa mbele."