Kunde za Meneja

Kunde zimelala majini tangu jana.
Alfajiri Mama kazibandika, kuni za mkambala,
chungu kafunika kwa sahani iliyobonyea.

"Tutie magadi?"
"Nani anakukimbiza?"

Saa nne akapanda kigoda,
akaangua pande jeusi juu ya moshi,
gumu kama soli ya kandambili:
paja la Meneja, maksai wetu,
aliyeanguka korongoni Novemba, Mvumi ikingoja mvua.

Shamba la kunde hizi alililima yeye.
Palizi nzima kafungwa mdomo
asizionje.

Sasa wamo chungu kimoja.

Adhuhuri Ndahani, aliyekuwa akimswaga,
kafunua, kachoma kwa mwiko.
"Bado anagoma."
"Si ulimzoea hivyo?"

Akauweka mwiko chini taratibu,
kama mtu anayeweka fimbo.