Foleni ya Ghorofa ya Chini

Ghorofa ya chini, maktaba ya Dundee,
mabomba ya joto yanaguguna ukutani,
na seva yetu kongwe, vumbi hadi kooni,
inabisha milango ya watu.

Ndivyo ilivyofundwa:
haingii kwa mtu kabla ya salamu.
Hujitaja jina, hungoja kuitikiwa,
husema barua yatoka kwa nani, yaenda kwa nani,
ndipo ifungue mkoba.
Shangazi Mwanamize, aliyewafukuza wageni wasiopiga hodi,
angeipa kiti.

Programu hii hatukuinunua.
Waliiandika watu wakaiacha wazi, kama kisima cha wakfu:
achote mwenye ndoo, asuke kamba mwenye mkono.
Nimeisoma mstari kwa mstari, zamu za usiku.
Mahali fulani, katikati ya msimbo, nisiyemjua
amewaachia wenziwe neno:
aliyenyamaza hajakataa.

Jumatatu tufani ilikata waya wa Unst,
kisiwa cha juu kabisa, pale ramani inapoishiwa.
Barua moja ikakwama. Ya Bi Elspeth Rennie
wa chumba cha magazeti ya kale, kwenda kwa dada yake.
Ikabisha. Kimya.
Robo saa, ikabisha tena. Kimya.
Kisha kila baada ya saa mbili, kisha sita,
kama mdai mwenye haya.

Sheria yake ni siku nne.
Ya nne ikipita, hukata tamaa kwa adabu:
humrudishia mwenyewe barua yake,
na kijikaratasi juu: nimeshindwa.

Jumatano Bi Elspeth alishuka ngazi, goti likimsumbua.
"Bado ipo?"
Nikamwonyesha: mstari mmoja kwenye kioo,
umri siku mbili, uzito kilobaiti tatu.
Akauchungulia kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala.
Hakusema ndani mna nini.
Sikuuliza. Mtunza posta hanusi bahasha.

Usiku ule nikafungua faili la masharti.
Palipoandikwa nne nikaandika arobaini.
Nikaitazama ile namba.
Kwetu siku arobaini zina kazi yake, na sahani zake, na dua zake.
Nikaifuta upesi.
Nikaandika kumi na nne.

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri,
alfajiri ya Januari isiyo na dalili ya alfajiri,
mvua ya mlalo kutoka mto Tay,
ikabisha.
Na huko kaskazini mtu,
si mtu, mashine, najua,
akaitika. Akataja jina lake.
Akasema: mia mbili na hamsini.
Kwa lugha yao, nimepokea.

Mstari ukatoweka. Foleni nyeupe.
Nilitafuta wa kumwambia, nikakuta mabomba.

Bi Elspeth aliniletea biskuti za tangawizi,
ngumu kama kigae; nilizichovya kwenye chai wiki nzima.
Ile kumi na nne sijairudisha.
Hakuna aliyeuliza.
Kando yake nimeandika, kwa atakayekalia kiti hiki:
tufani za kaskazini. Usiharakishe.