Makao Maku

Mji wetu una taa za barabarani thelathini na moja.
Nilizihesabu usiku umeme uliporudi,
kutoka stesheni, ambayo garimoshi huipita bila kusalimu,
hadi kwa Khisa muuza mbao.
Ya thelathini na mbili ni muwa.
Hivyo ndivyo Bungoma inavyokwisha upande ule:
haififii kama sauti ya mtu anayesinzia,
inakatika, pu, kama kamba ya ndama.

Mimi ni mpaka rangi. Mambo ya serikali siyajui,
ila najua herufi K hunywa rangi kuliko L,
na kwamba ofisi hulipa kwa herufi
na hukawia kwa miezi.

Mwaka wa kaunti waliniletea ngazi:
Mzee Mulongo, futa WILAYA.
Nikafuta. Chini yake ikachungulia WILAYA nyingine,
mkono wa marehemu baba, W yake yenye mkia,
na chini ya hiyo, neno la wakoloni
lililokwisha kuliwa na kutu.
Nikalimalizia kwa msasa.
Mlango ulikuwa uleule.
Bawabu yuleyule, Wekulo, na redio yake isiyo na kifuniko cha betri.
Hata kikohozi cha karani wa ardhi
hakikupandishwa cheo.

Uwanda huu Mungu aliutandaza kama mtu anayeanika wimbi,
akaitwa kwa jirani, hajarudi kuanua.
Kila kitu huonekana kingali mbali:
trekta la miwa, mgeni, deni, mvua.
Wingu likishuka kutoka Masaba saa nane,
rangi yangu ina nusu saa ya kukauka.
Siku ile niliharakisha.
Nikafika MAKAO MAKU,
matone ya kwanza yakanipiga shingoni.

Herufi moja tu. Nikasema kesho.
Kesho yake bajeti ilikuwa imefungwa.

Miaka kumi na moja!
Wakubwa wameapa chini ya kosa langu, mkono juu,
maharusi wamepigwa picha,
walimu wamegoma, wakaketi kivulini mwake wakitafuna miwa,
vijana wa shahada wamepita na bahasha za kaki,
na hakuna aliyeinua kichwa akacheka.
Au waliona, wakadhani serikali ina maana yake.

Ni Nabalayo aliyeniuliza,
mama wa Sang'alo, mwenye kesi ya ekari moja na robo,
anayekuja na mihogo ya kuchemsha mkobani
kwa sababu faili lake liko njiani,
daima liko njiani, baina ya chumba cha nne na cha sita.
"Mulembe, fundi. Mbona maneno yale
yanaisha kabla ukuta haujaisha?"
Nikamwambia, mama, kumbe unasoma?
"Sisomi. Lakini safu ya mahindi
iliyorukwa shimo naijua."

Jumapili nikapanda na kopo dogo.
Kutoka juu ya ngazi mji mkuu wote ulinienea gotini:
mabati, tangi la maji, mnara wa simu,
mbuzi wawili mbele ya benki iliyofungwa,
kisha miwa, miwa, na moshi wa mtu mmoja
anayechoma kitu chake.
Nikaandika U.
Niliiandika taratibu, kama anayemnawisha mgeni.

Jumatatu Wekulo alinikaripia:
nani kaharibu bango letu?
Maana U ni nyeusi tititi
na wenzake wamepauka, wamekuwa majivu.
Sasa kila mpita njia anaiona.

Nabalayo aliitazama kitambo.
"Imeota," akasema,
akafunga upya leso yake, akaingia
kuulizia faili.