Wino wa Buluu

Costel kazima injini hapa Dover tangu saa nane usiku.
Miaka ile alipita akipiga honi tu.
Nyuma kabeba nyanya za Uhispania, jibini,
na boksi moja la soseji
lenye cheti kilichosainiwa kwa wino mweusi.
Ulitakiwa wa buluu.

Wahenga walisema, samaki mmoja akioza.
Hapa hajaoza hata mmoja,
iliyokosea ni karatasi,
na lori zima limeshikwa.

Nyanya hazijui foleni. Zinaiva tu.

Siku ya tatu, huko Leeds,
Glenys wa jiko la shule anafuta ubaoni neno saladi,
anaandika maharagwe ya kopo,
na bei mpya, kwa tarakimu ndogo.
Mtoto wa mbele anauliza
nyanya zimefungwa kwa kosa gani.